Hofu ya Jumamosi

Hatujawafunga Iowa State hapa nyumbani tangu 2018. Naanza na hilo ili msomaji ajue ninaandika nikiwa katika hali gani. Septemba hii watani wetu wa Ames wanakuja tena Iowa City, na kila ninayekutana naye, kuanzia dada wa kaunta pale dukani hadi fundi wa gari langu, ananiuliza swali moja: unaionaje mechi? Nami hujibu kama anavyojibu shabiki yeyote mwenye akili zake: naiona ngumu, na tiketi nimeshanunua.

Msomaji wa Tanga au Mombasa huenda akashangaa mtu mzima kukosa usingizi kwa ajili ya timu ya wanafunzi. Basi aelewe kwanza mazingira. Iowa ni jimbo la watu milioni 3 na ushee katikati ya Marekani, nchi ya mahindi, soya na nguruwe. Halina timu hata moja kwenye ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Walichonacho wananchi ni vyuo vyao. Hapa Iowa City kuna Chuo Kikuu cha Iowa, na timu yake, Hawkeyes, huvaa nyeusi na dhahabu. Kule Ames, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, kuna Iowa State, Cyclones, nyekundu na dhahabu. Mtoto akizaliwa hapa hupewa fulana kabla hajapewa jina. Zipo nyumba ambazo mume ni wa huku na mke ni wa kule, na bendera zote mbili zinaning'inia barazani, kila moja upande wake wa mlango.

Mambo hayo hayakuwa mageni kwangu. Nimekulia Tanga, mji wenye Coastal Union na African Sports, na uwanja mmoja wa Mkwakwani wa kugombania. Baba alikuwa Coastal damu damu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa African Sports. Walikaa mtaa mmoja, wakanywa kahawa kwenye baraza moja, na wiki ya mechi wakapishana njiani kama watu wasiojuana. Baba alikuwa na silaha yake ya akiba, ubingwa wa Coastal wa 1988. Hoja zikimwishia alichomoa hiyo. Mjomba naye hakukosa la kujibu, na mama alikuwa akiwaondolea vikombe kabla sauti hazijapanda. Nilijifunza mapema kwamba mpinzani anayeuma si yule wa mbali. Wa mbali anakufunga, anapanda basi, anakwenda zake. Anayeuma ni yule utakayemkuta kesho asubuhi kwa muuza vitumbua.

Kwa hiyo nilipokuja Iowa kusoma, kisha nikabaki kufanya kazi ya ukalimani hospitalini, nilichohitaji kufundishwa ni sheria za mchezo tu. Ushabiki nilikuja nao.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mkulima mstaafu ambaye humu nitamwita Mzee. Siku ya mechi Mzee huvaa ovaroli ya mistari ya nyeusi na dhahabu iliyopauka magotini, na ana msimamo mmoja usiobadilika: leo tunafungwa. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani nimepata mtu aliyekata tamaa. Lakini aliyekata tamaa haamki alfajiri kuwasha jiko la mkaa kwenye maegesho ya magari. Mzee huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, mvua inyeshe au theluji ianguke, na njia nzima ya kwenda uwanjani anaorodhesha sababu za kufungwa kwetu kama mtu anayesoma hati ya mashtaka.

Saa kadhaa kabla ya mechi, barabara ya Melrose inayopita kando ya uwanja hugeuka kuwa sherehe isiyo na bwana harusi. Wenye nyumba hukodisha bustani zao kwa magari. Nyuma ya kila gari kuna jiko, na juu ya jiko kuna soseji, mahindi, na mapaja ya bata mzinga makubwa kama kono la mtoto. Mimi hupeleka mishkaki niliyoilaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Zamani majirani waliila kwa adabu, kipande kimoja kimoja, wakishukuru sana. Siku hizi nikichelewa, Mzee hunipigia simu kuuliza kama ninaumwa.

Maneno yanayosemwa pale kwenye mkaa ndiyo historia halisi ya mechi hii. Iowa na Iowa State walianza kukutana 1894. Baada ya mechi ya 1934 wakaachana, na hawakucheza tena mpaka 1977, miaka 43 ya watani kukaa jimbo moja bila kupimana. Waliporudiana, Iowa ikashinda 12-10, na wazee wanaoikumbuka siku ile husema walitoka uwanjani wamechoka kana kwamba wao ndio waliocheza. Wanaikumbuka pia sinema ya 2011, pale wadhamini wa mechi, wakulima wa mahindi, walipozindua kombe jipya lenye sanamu ya familia ya wakulima iliyozunguka kapu la mavuno. Jimbo zima likacheka. Watu wa Iowa wanajijua kuwa ni wakulima, ila hawakutaka kukumbushwa na kombe. Siku chache baadaye likaondolewa, hata mechi yenyewe haijachezwa.

Sasa tuje kwenye hofu yangu. Tazama matokeo ya mechi nne zilizopita. Mwaka 2022 Iowa State walikuja hapa wakashinda 10-7. Katika mechi ile walitembea na mpira kutoka langoni kwao mpaka kwetu, yadi 99, katika mashambulizi 21 mfululizo, na sisi tunatazama. Mwaka 2023 tukawalipa kwao, 20-13. Mwaka 2024 wakarudi hapa wakashinda 20-19. Mwaka jana, kwao, 16-13. Katika mechi hizo nne hakuna timu iliyovuka pointi 20, na tatu kati yake zimeamuliwa kwa pointi zisizozidi tatu.

Ile ya 2024 bado inanikaa kifuani. Mapumziko tulikuwa mbele 13-0, na mtu wa siti ya nyuma yangu alishaanza kupanga atakachomwambia shemeji yake wa Ames. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa na sura ya msiba. Kipindi cha lala salama wakaanza kurudi, kidogo kidogo. Zikiwa zimebaki sekunde 6, mpigaji wao Kyle Konrardy akasimama mbele ya mpira kwa umbali wa yadi 54, karibu mita 50. Nilikuwa nikimtazama Mzee, si mpira. Alikuwa ameshika chuma cha mbele yetu kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Uwanja ukanyamaza, isipokuwa kona moja nyekundu iliyoruka juu. Mzee akaachia chuma, akafunga vifungo vya ovaroli, akasema: "Haya, twende tukaoshe jiko."

Mwaka jana tuliitazama sebuleni kwake kwenye televisheni. Matokeo yalikuwa 13-13, dakika mbili hivi zimebaki. Akasimama Konrardy yuleyule. Umbali, yadi 54 zilezile. Mzee alizima televisheni kabla mpira haujatua. Nilimwomba aiwashe. Akasema hana haja, alishaiona hiyo filamu. Na kweli.

Kufungwa kule kulimchelewesha hata kocha wetu. Kirk Ferentz anaifundisha Iowa tangu 1999 na sasa anaingia msimu wake wa 28. Wiki moja kabla ya kwenda Ames alikuwa amemfikia Woody Hayes, nguli wa Ohio State, kwa ushindi 205, idadi kubwa kuliko ya kocha yeyote katika historia ya ligi yao ya Big Ten. Angeweza kumpita Hayes nyumbani kwa watani. Iowa State wakamwambia subiri, akasubiri wiki moja zaidi, ndipo akapata wa 206 dhidi ya Massachusetts. Shabiki wa kweli haoni rekodi hapo. Anaona kwamba watani walitunyima sherehe.

Ili kuelewa kwa nini timu yetu inacheza mechi za pointi chache hivi, inabidi kuijua panti. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikifika jaribio la nne na yadi hazijatimia, ina njia tatu: ibahatishe kusogea tena, ijaribu kuupitisha mpira katikati ya milingoti kwa pointi 3, au iupige mbali ili mpinzani aanze safari yake karibu na lango lake mwenyewe. Huko kuupiga mbali ndiyo panti. Kwa timu nyingi panti ni kukiri kushindwa. Watu huinuka kwenda kununua vinywaji. Hapa Iowa watu hukaa chini, maana kinachofuata ni sehemu tamu.

Mwalimu wetu wa somo hili alikuwa Tory Taylor, kijana wa Melbourne. Alikulia kwenye mpira wa Kiaustralia, akaja Iowa 2020 kucheza mchezo ambao hakuwahi kuucheza hata mara moja. Kazi yake ilikuwa ile isiyotakwa na mtu: kuingia pale wenzake wanaposhindwa, kupiga teke, na kutoka. Akaifanya kwa namna ambayo watu walianza kumpigia makofi anapoingia uwanjani, na wakavaa fulana zilizosema kwamba panti ndiyo ushindi. Mwaka 2023 alipiga panti za jumla ya yadi 4,479, rekodi ya msimu mmoja katika futiboli ya vyuo, akachukua tuzo ya mpiga panti bora wa nchi. Msimu huo Iowa ilipata wastani wa pointi 15 hivi kwa mechi, wa kuaibisha, na bado ikashinda mechi 10 kati ya 14.

Nilimpenda Taylor kwa sababu zangu. Sisi tuliotoka mbali tunazijua kazi za namna hiyo: zamu za usiku, kufua mashuka, kusukuma vitanda, kusimama katikati ya daktari na mgonjwa ukisema maneno yasiyo yako. Ni kazi ambazo ukizifanya vizuri hakuna anayekuona, ukizikosea kila mtu anajua. Kijana yule alionyesha kwamba kazi ya pembeni inaweza kuubeba mchezo mzima, mradi mwenye kuifanya asiidharau. Sijui kama alikusudia kufundisha hilo. Mimi nilijifunza.

Kilele cha dini hii ya panti kilikuwa Septemba 3, 2022, tulipofungua msimu na South Dakota State. Tulishinda 7-3. Mtu anayesoma gazeti angedhani ni tachidauni moja, pointi 6, pamoja na ile 1 ya nyongeza. Hapana. Hatukufunga tachidauni hata moja siku ile. Tulipata pointi 3 za teke la milingoti. Halafu mara mbili Taylor aliwapigia panti zilizowabana kwenye kona ya lango lao, na mara mbili mchezaji wao akaangushwa na mpira ndani ya eneo lake mwenyewe. Hiyo inaitwa sefti, na ina pointi 2. Mbili na mbili na tatu. Nje ya uwanja nilikuta kijana akimweleza mchumba wake hesabu hiyo kwa vidole, na msichana akamuuliza kama anamtania. Mzee alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. "Saba ni saba," alisema. "Ubao hauulizi umezipataje."

Mechi ile inarudi kwenye hesabu za mwaka huu kwa njia ya ajabu. Kwotabeki wa South Dakota State siku ile, yaani mpangaji wa mashambulizi, alikuwa Mark Gronowski, yuleyule aliyehamia kwetu 2025 akatuongoza msimu uliopita. Sasa amemaliza muda wake, na tunaanza na mtu mpya katika nafasi nyeti kuliko zote. Na aliyekuwa akisimamia ulinzi wa South Dakota State siku ile, ulinzi uliotunyima tachidauni uwanjani kwetu wenyewe, alikuwa Jimmy Rogers. Leo Rogers ndiye kocha mkuu wa Iowa State. Aliajiriwa Desemba iliyopita baada ya Matt Campbell, aliyeijenga timu ile kwa misimu 10, kuondoka kwenda Penn State. Wenzangu wanafurahi kwamba Campbell kaondoka. Mimi najiuliza wanafurahia nini, ikiwa aliyekuja anazijua njia za kutufunga kamba akiwa na timu ndogo kuliko hii.

Nikiwa kwenye habari za watani, yapo mambo ya kwao ambayo nayaheshimu. Uwanja wetu una jina la Nile Kinnick, aliyechukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 1939, kisha akafa 1943 akiwa na miaka 24, ndege yake ya kijeshi ilipoanguka baharini karibu na Venezuela akiwa mazoezini. Uwanja wao una jina la Jack Trice. Huyu alikuwa mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa Iowa State. Oktoba 6, 1923, akicheza Minneapolis dhidi ya Minnesota, aliumia, akaendelea kucheza, akaumizwa zaidi, na siku mbili baadaye akafa. Alikuwa na miaka 21. Katika koti lake ilikutwa karatasi aliyoiandika hotelini usiku wa kuamkia mechi, akijiambia kwamba heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe iko kwenye mizani, na kwamba lazima ajitoe mwili mzima. Ilichukua mpaka 1997 uwanja mzima kupewa jina lake, na wanafunzi walikuwa wakilidai tangu miaka ya 1970.

Nilipokwenda Ames mara ya kwanza nilisimama mbele ya sanamu yake kwa muda. Ni kijana mwenye karatasi mkononi. Mashabiki wa nyekundu walikuwa wakipita, na mmoja, alipoona kofia yangu nyeusi, akaniambia kwa upole kwamba niko upande usio wangu. Nikamwambia hapa hakuna upande. Akaivua kofia yake, tukapiga picha, halafu akanitakia kipigo kitakatifu. Huo ndio utani ninaoujua tangu Mkwakwani: una makali, na una mipaka.

Mipaka hiyo utaiona wazi zaidi Kinnick kwenyewe. Hospitali ya watoto ya chuo ilifunguliwa 2017 ng'ambo tu ya uwanja, na ghorofa yake ya juu, ya 12, inauona uwanja wote. Kabla ya msimu ule kuanza, shabiki mmoja alitoa wazo mtandaoni: robo ya kwanza ikiisha, watu wote wageuke wawapungie watoto waliolazwa. Wazo likashika. Tangu hapo kila mechi ya nyumbani, watu wapatao 69,000 hugeuka.

Nimelifanya jambo hilo nikiwa chini mara nyingi. Mara moja nililiona nikiwa juu. Jumamosi moja niliitwa kazini mechi ikiwa inaendelea. Sitasema ni nani wala anaugua nini. Kazi yetu ina kiapo. Wengi ninaowakalimania ni familia za Kongo zilizohamia Iowa, na huyu alikuwa mama wa Uvira, amembeba mwanawe dirishani. Chini yetu uwanja ulikuwa ukinguruma, mara kelele zikakatika. Watu wote wakaupa mchezo mgongo, nyuso zikatuelekea sisi, mikono ikapanda. Wachezaji, waamuzi, wapiga matarumbeta, na kona nzima ya mashabiki wageni. Mama akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Baba, bale batu bote banasalimia nani?"

"Mtoto wako, mama."

Akanitazama usoni kuona kama ninamtania. Kisha akakishika kiganja cha mwanawe, akakipunga, na akaendelea kukipunga wakati huko chini mpira ulishaanza tena. Baadaye kidogo akataka kujua ile timu ya nguo nyeusi ni ya nani, na kwa nini kila ikipata mpira inaupiga mbali. Nikamweleza falsafa ya panti kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mtu mwenye njaa hatupi chakula. Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni lini hasa nilipoacha kuwa mgeni hapa. Karatasi za uhamiaji zina tarehe zake, lakini hazisemi ukweli wote. Wala si siku tulizoshinda. Furaha ya ushindi haibagui. Hata mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege jana anaweza kununua kofia, akaimba, akakumbatiwa na asiowajua. Hofu ni ya wenyewe. Mtu akianza kuamka usiku wa Jumatano akifikiria mguu wa mpigaji wa Ames, akianza kukerwa na jua kali kwa sababu linawafaa wao kuliko sisi, akianza kununa pale mgeni anaposema ni mchezo tu, huyo ameshahamia. Baba aliwahi kuhamishiwa kikazi Mwanza kwa miaka kadhaa. Aliishi vizuri na watu, akajifunza hata salamu za Kisukuma, lakini Jumamosi jioni alitafuta redio kusikia Coastal imefanya nini. Hofu yake ilibaki Tanga, kwa hiyo na yeye alibaki Tanga. Yangu, nadhani, imegawanyika. Bado nauliza habari za Coastal kila wiki. Ila kinachoninyima usingizi sasa ni mahindi.

Basi utabiri, maana ndio nilioombwa. Mechi itakuwa ya pointi chache tena. Ulinzi wetu uko chini ya Phil Parker, anayeuongoza tangu 2012, na hajawahi kuona pointi za mpinzani akazionea huruma. Wao wana kocha ambaye chimbuko lake ni ulinzi. Sisi tuna kwotabeki mpya. Anayetarajia mvua ya tachidauni abaki nyumbani atazame timu nyingine.

Mimi nitatazama yadi chache tu. Teke la yadi 54 hupigwa mpira ukiwa umeanzia kwenye yadi ya 37 hivi ya upande wa mpinzani, kwa sababu huongezwa yadi 7 za kurudi nyuma kumpatia mpigaji nafasi, na 10 za eneo la lango ilipo milingoti. Mara mbili mfululizo tumewaruhusu Iowa State kufika hapo dakika za mwisho. Wangezuiwa kwenye yadi ya 43, wasingethubutu kupiga. Yadi 60 ni za kubahatisha. Yaani mechi mbili zimetupotea kwa yadi tano au sita, hatua za mtu mmoja kutoka kitandani hadi mlangoni. Na yadi hizo hazipotei dakika ya mwisho. Zinapotea robo ya pili, panti ya yadi 38 inapopigwa badala ya ya yadi 45, na hakuna mtu anayeiandika popote. Ndiyo maana ninaamini katika kazi isiyoonekana. Timu itakayopiga panti bora mchana mzima, hata zile zinazoonekana hazina maana, ndiyo itakayoamua mpigaji wa Ames atasimama wapi jioni.

Nasema Iowa 16, Iowa State 13. Sina ushahidi wa kutosha, na mwendo wa miaka ya karibuni uko kinyume nami. Mchambuzi angechagua wao. Lakini mchambuzi hana mishkaki ya kulaza Ijumaa usiku, wala hana jirani wa kumchukua alfajiri. Mzee ameshatoa uamuzi wake, tena mapema kuliko kawaida: tunafungwa, na safari hii ni kwa teke la yadi 55. Hilo linanipa moyo kuliko takwimu zote. Alisema hivyohivyo kabla ya kila mechi tuliyoshinda.